Meza inarukaruka kwenye VR

SWALI: Mambo mhariri, mimi na mshkaji tunachora fanicha hapa Moshi, sasa tukivaa miwani ya VR (ile inayokuonyesha dunia ya kompyuta kama uko ndani yake) tubebe meza pamoja inarukaruka, mara iko kwake mara kwangu. Tatizo nini?

JIBU: Poa kaka. Programu nyingi zinampa umiliki wa kitu, yaani uwezo wa kukisogeza, mtu mmoja tu kwa wakati, kwa hiyo mkishika wote mnanyang'anyana, na intaneti ikichelewa mwenzako anaona meza ilipokuwa, sio ilipo. Cheki kama kuna seting ya kushika wawili, ile inayopiga wastani wa mahali mikono yenu ilipo. Halafu ongeeni bwana, "inua", "shusha kidogo", kama mnapitisha kabati mlangoni, maana meza ya VR haina uzito, husikii mwenzako akivuta.