Jibu: Pysanka yangu imetoka na mabaka

Mkuu, umesema yai lako la pysanka, yaani yai la Kiukraini linalopambwa kwa nta na rangi, limetoka na mabaka, na michoro uliyoitaka nyeupe imegeuka myekundu. Mabaka ni mafuta ya vidole. Futa yai bichi kwa kitambaa chenye siki kidogo, bila kulisugua, na unawe mikono kabla ya kulishika.

Hilo la nyeupe ni mpangilio tu. Jina linatokana na neno la Kiukraini pysaty, kuandika: unaandika kwa nta ya nyuki, na nta hulinda rangi iliyo chini yake. Kwa hiyo nta ya kwanza inakaa kwenye ganda jeupe kabla ya rangi yoyote. Kisha chovya kwenye manjano, andika tena, halafu chungwa, nyekundu, nyeusi mwisho kabisa. Rangi iwe imepoa, la sivyo nta italegea. Siki kijiko kimoja kwa bakuli, ila soma pakiti ya rangi. Rangi ya chungwa mara nyingi haiitaki.

Kuondoa nta, shikilia yai ubavuni mwa mwali wa mshumaa, usiliweke juu yake, masizi yatalichafua. Futa kwa tishu kidogokidogo.

Usilichemshe. Wengi sasa hulitoboa na kupuliza ute nje, maana yai bichi likipasuka kabatini, harufu yake itakufanya uikimbie nyumba.

Ukitaka mifano, tafuta picha za jumba la makumbusho la pysanka mjini Kolomyia, Ukraini, lenye umbo la yai. UNESCO iliiorodhesha sanaa hii Desemba 2024.