Chafya ya sokoni Mwanga

Mwanangu wa pili alikuwa na miezi mitatu na kidogo nilipokuwa soko la Mwanga, hapa Kigoma, nachagua dagaa. Vumbi lake likanipanda puani, nikapiga chafya. Mkojo ukatoka. Kanga ya ndani ililowa yote, ya juu ikaniponya na aibu. Niliondoka bila kudai chenji.

Mama mkwe alishanikanda na kunifunga tumbo. Akasema ndiyo uzazi huo, nitazoea. Kliniki nako kila mtu anauliza mtoto, mama ni wa kubeba kadi tu. Siku ya chanjo ya wiki ya 14 nikajikaza kumwuliza muuguzi. Akacheka, akaniambia: "Jifanye unazuia ushuzi mbele ya baba mkwe."

Basi ndilo zoezi lenyewe la misuli inayozuia mkojo. Unakaza njia ya nyuma na ya mbele pamoja, kama unavuta kitu kwenda juu. Hesabu hadi 5, achia kabisa, pumzika, rudia mara 10. Mara tatu kwa siku. Mimi nilifanya wakati wa kunyonyesha. Ukizoea, hesabu hadi 10. Wiki mbili za mwanzo nilikosea: nilibana makalio na pumzi, nikawa nachoka bure. Mapaja na tumbo vilegee, na upumue. Wala usifanyie chooni kwa kukatakata mkojo, kibofu kinaweza kushindwa kutoa mkojo wote.

Kilichonisaidia zaidi ni kukaza kwanza, ndipo nikohoe au ninyanyue kitu. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, jamani, na sisi tunapanda nayo mlima. Nilianza kuchota nusu, watu wakasema nimekuwa mvivu. Waseme. Choo kigumu nacho kinasukuma misuli ileile chini, kwa hiyo maji na papai havikukosekana.

Lakini kama mkojo au choo kinavuja muda wote, hata usingizini, hasa baada ya uchungu wa muda mrefu, hiyo huenda ni fistula, yaani tundu kati ya uke na kibofu au njia ya choo. Mazoezi hayaizibi, inahitaji hospitali. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, wanaitibu bure. Ukihisi kinyama kinashuka ukeni, nenda pia ukapimwe.

Mimi nafuu niliiona kama wiki ya nane ya mazoezi. Juzi nimepiga chafya tatu palepale kwa dagaa, muuzaji akanipa pole ya mafua. Kuruka kamba na binti yangu mkubwa, hapo bado sijathubutu.