Ukipewa prednisoloni baada ya kubanwa na pumu, maliza dozi

Nina pumu tangu utotoni na sasa ni mtu mzima, nimeshabanwa mara nyingi tu hadi kukimbizwa hospitali usiku, na watu ninaokaa nao kwenye benchi la nebulaiza (mashine ya kuvuta dawa kama mvuke) wengi nawaona wanafanya kitu kimoja kinachoniumiza sana. Wanapewa prednisoloni, yaani vidonge vya steroidi vya kupunguza uvimbe, za siku 5, siku ya pili kifua kimefunguka wanaziweka kabatini, eti za akiba. Jamani msifanye hivyo.

Iko hivi, ukibanwa misuli ya njia ya hewa inakaza, halafu humo ndani kunavimba na kujaa makohozi. Inhela ya bluu, yaani salbutamoli, inalegeza misuli na nafuu unaisikia ndani ya dakika chache tu, ila ule uvimbe haiutibu. Uvimbe ni kazi ya steroidi, na steroidi haina haraka, inachukua kama saa 4 hadi 6 au zaidi ndo uone mabadiliko, ndo maana hospitali inatakiwa uipate mapema, ndani ya saa ya kwanza, huku ukiendelea kupuliza. Kwa hiyo ukimeza na bado unahema usiseme umepewa dawa feki. Na siku ya pili ukijisikia mzima ujue uvimbe bado upo, ukiacha hapo unaweza kurudi kulekule.

Dozi ya kawaida ya mtu mzima ni miligramu 40 hadi 50 mara moja kwa siku, kwa siku 5 hadi 7. Sasa vidonge vingi tunavyopewa ni vya miligramu 5, unaambiwa umeze 8 kwa mpigo, watu wanaogopa wanameza 2! Ndo dozi yenyewe hiyo, meza kama ulivyoandikiwa. Meza asubuhi ukishakula, maana mi nikimeza jioni silali kabisa, njaa haiishi na hasira zinakuwa karibu, ila dozi ikiisha vinatulia. Mwenye kisukari amwambie daktari mapema kwa sababu sukari itapanda, apime kila siku.

Wengine wanadai sindano wakiamini ndo kali zaidi. Kama unameza vizuri na hutapiki, vidonge vinafanya kazi sawa na haidrokotisoni, steroidi ya kuchomwa kwenye mshipa. Na hiyo dozi fupi ikiisha unaacha tu, hakuna haja ya kupunguza kidogo kidogo, tofauti na mtu aliyetumia wiki kadhaa, yule asiache ghafla bila daktari.

Kinachonitia hofu zaidi ni wanaojinunulia prednisoloni duka la dawa kila wakibanwa. Dozi zikijirudia rudia mifupa inadhoofika, kisukari na mtoto wa jicho navyo vinanyemelea. Ukiona unazihitaji tena na tena mwambie daktari akuanzishie steroidi ya kupuliza, beklometasoni au budesonidi, dozi yake ni ndogo sana na inaenda moja kwa moja kwenye mapafu, unatumia kila siku hata ukiwa mzima, ukimaliza kupuliza sukutua mdomo uteme usije ukapata utando mweupe.

Na ukifika hatua huwezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi, au midomo inabadilika rangi, usisubiri kukuche, nenda hospitali usiku huohuo huku ukipuliza inhela njiani.