Mbwa anayetafuna makochi: ipe pua yake kazi

Mkuu, nimekusoma. Mbwa wa miezi kumi, mpo Chumbageni hapa Tanga, unatoka saa moja asubuhi unarudi magharibi, na wiki hii kala mto wa kochi na ndala mbili za shemeji. Waliotangulia wamekwambia umfunge mnyororo au umkimbize mpaka achoke. La mnyororo sina maneno mengi: mbwa anayeshinda amefungwa nimemwona, anazunguka pale pale mpaka nyasi zinakufa, na usiku anabwekea hata jani likianguka. La kumkimbiza nimelifanya mwenyewe.

Wangu ni mbwa wa kienyeji, namwita Mgosi. Jina lenyewe nalijutia, maana Tanga hii kila mwanamume ni mgosi. Tukipita njiani watu wakisalimiana, yeye anasimama kuitika. Alipokuwa na umri wa huyo wako alimla mgeni wangu makubadhi, tena mguu mmoja tu, mwingine akaulaza pembeni kama ushahidi. Nikaanza kuamka saa kumi na moja, tunashuka ufukweni Raskazone, tunakimbia, tunarudi. Wiki ya kwanza alilala mchana kutwa. Wiki ya tatu nikimkuta mlangoni ananisubiri, pumzi anazo, na makochi anakula vilevile. Nilikuwa natengeneza mwanariadha. Aliyekonda ni mimi.

Walionifumbua macho ni panya. Pale Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO wanafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia, na mwaka 2020 shirika moja la Uingereza likamvisha medali ya dhahabu. Ujira wa panya wale wakipatia ni kitu kama ndizi au karanga. Nikajiangalia: mimi nina mnyama aliyeumbwa pua tupu, nampa sahani ya ugali anaimaliza dakika mbili, halafu mchana mzima hana shughuli. Hata mimi ningekula kochi.

Basi chukua vifuu vitatu vya nazi, ukingo usugue kwa msasa usimkate. Vifunike sakafuni, chini ya kimoja weka dagaa. Siku ya kwanza Mgosi alivipiga kumbo vyote, akala, akaniangalia kama mimi ndiye mjinga. Nikavirudisha. Siku ya nne hivi nikaona kitu kingine kabisa: anapita taratibu juu ya kila kifuu, pua inavuta fyu fyu fyu, anafika cha tatu, anasita, anarudi cha pili, anakigusa kwa mguu mara moja, kisha anatulia anisubiri nikifunue. Dakika kumi za namna hiyo, akaenda zake chini ya mwembe akalala usingizi ambao Raskazone haikuwahi kumpa. Ila tumia dagaa wa Mwanza. Hawa wetu wa pwani huchemshwa kwa maji ya chumvi kabla ya kuanikwa, na chumvi ile ni nyingi kwake.

Toka hapo bakuli la asubuhi nimelifuta. Ugali mgumu naumega vipande vidogo navitawanya kwenye majani nyuma ya nyumba, anachuma kimoja kimoja kama kuku. Siku nyingine navikunja ndani ya gunia kuukuu, nalifunga fundo moja legevu. Na siku za kaskazi, joto likikaza, nagandisha supu ya vichwa vya samaki iliyochujwa miiba yote, bila chumvi wala kitunguu, kwenye kopo pana la plastiki. Nikitoka nalipindua, bonge la barafu linabaki uani kivulini, analiramba mpaka jua limekolea. Hicho ndicho nampa wakati naondoka, wala simuagi kwa maneno marefu. Ukimbembeleza mlangoni unamwambia kwamba kuna jambo la kuhofia.

Viatu vya zamani usimpe achezee. Nilifanya hivyo. Mbwa hajui ndala ya mwaka juzi na ndala ya jana, yote ni ndala.

Na gunzi la mahindi, tafadhali sana. Nilimrushia moja nikijua ni kitu cha kutafuna tu. Akalimeza kipande. Siku mbili anatapika, hagusi chakula, tumbo limekaza. Daktari wa mifugo akampapasa, akaniambia gunzi haliyeyuki tumboni, linaziba utumbo, na tukichelewa atapasuliwa. Lilitoka lenyewe usiku wa tatu, Mungu mkubwa. Tangu hapo gunzi, kokwa la embe na mifupa ya kuku iliyopikwa, vyote navifunika kwenye pipa lenye kifuniko. Kamba ya katani, ambayo kwetu ndiyo rahisi kupata, namvutisha nikiwa nimeishika mimi. Tukimaliza naitundika, asije akameza nyuzi.

Kutembea usiache, lakini badili namna. Mwache anuse. Dakika ishirini za kunusa kila nguzo zinamtosha kuliko saa ya kukokotwa. Kabla ya kutoka weka mgongo wa mkono kwenye lami, ukishindwa kuhesabu hadi saba kwa joto, miguu yake nayo haitaweza. Ufukweni angalia bunju aliyetupwa na wavuvi, sumu yake inaua mbwa sawasawa na mtu. Na kwa jinsi mji wetu ulivyo, chagua saa. Mimi sipiti naye karibu na msikiti watu wakienda swala, maana mate yake yakimgusa mtu kanzu, umempa kazi ya kuosha mara saba, moja kwa udongo. Jirani yangu mzee alikuwa hanijibu salamu vizuri. Alipoona namshika mbwa kwa kamba fupi kila yeye anapotokea, sasa hata vifuu ananiwekea.

Kabla ya yote hayo, kesho acha simu ya zamani inarekodi sauti ukitoka. Akianza kulia dakika ile ile unayofunga mlango na ukikuta mlango umekwaruzwa, shida yake si kukosa shughuli, ni hofu ya kubaki peke yake, na vifuu pekee havitamtibu. Hapo inabidi umzoeze kidogo kidogo: toka dakika mbili, rudi, toka tano, rudi. Akiwa kimya saa mbili tatu ndipo usikie kochi linachanwa, huyo ni wa vifuu. Ukishasikiliza, niambie ni yupi kati ya hao.