Usiniombe andiko langu, niulize kuhusu transfoma

Juzi usiku nimeamka kunywa maji nikakuta meseji: "Dada shikamoo, hongera sana kwa kupata ruzuku ya vituo vya kuchaji magari ya umeme, naomba unitumie lile andiko lako lililoshinda nibadilishe majina tu, siku ya mwisho ni Ijumaa." Nikacheka. Halafu nikakasirika. Halafu usingizi ukakata kabisa nikabaki nimekaa kitandani nakumbuka mambo ambayo nilishaapa sitayakumbuka tena.

Marahaba mdogo wangu, samahani sikukujibu inboksi, jibu lako ndio hili. Sikutumii. Sio uchoyo, wanaonijua wanajua sina roho hiyo. Ni kwamba lile andiko ukilipeleka na majina yako litafeli kama langu la kwanza lilivyofeli, na la pili, maana nyie mnaniona kwenye picha ya kukata utepe mnadhani nilianzia pale. Hii ilikuwa mara yangu ya tatu.

La kwanza lilikuwa na kurasa 62. Nilijivunia sana zile kurasa, nilikuwa nalifungua kwenye simu hata nikiwa kwenye foleni nalisoma mwenyewe natabasamu. Kurasa kama 40 zilikuwa ni tabianchi tupu, barafu inayeyuka, moshi wa magari, watoto na pumu, nikaweka na picha ya bahari sijui kwa nini. Kuhusu umeme wenyewe sasa, ambao ndio roho ya mradi, niliandika mistari miwili: "Mradi utatumia umeme wa gridi uliopo eneo la mradi." Uliopo! Nani aliniambia upo? Niliona nguzo, nikaona waya, nikasema umeme huu hapa.

Na nilikuwa nimeomba chaja nne za haraka, kila moja kilowati 150. Unajua nilizitoa wapi hizo namba? Nilizikopi. Marekani wana mpango wao wa kufadhili vituo vya kuchaji, unaitwa NEVI, umetokana na sheria yao ya miundombinu ya 2021, dola bilioni 5 kwa miaka mitano, na masharti yao yalikuwa kila kituo kiwe na angalau plagi nne zinazoweza kutoa kilowati 150 kila moja kwa wakati mmoja, vituo vipishane maili 50 kwenye barabara kuu zilizoteuliwa. Nikasema kama wao wanaweka nne na mimi naweka nne, nina nini mimi. Sasa 150 mara nne ni kilowati 600. Transfoma iliyokuwa pale kwenye eneo langu ilikuwa ya kVA 100, yaani haivuki kilowati 100, na ilikuwa tayari inalisha majirani wote. Yaani nilikuwa naomba hela ya serikali nikazime mtaa.

Majibu yalikuja baada ya miezi mitano. Kwenye faida za mazingira nilipata karibu alama zote. Kwenye utayari wa mradi nilipata 4 kati ya 30. Maelezo yao yalikuwa sentensi moja: mwombaji hajathibitisha upatikanaji wa umeme. Miezi mitano nasubiri sentensi moja. Nililia, sitaficha, na kilichoniliza zaidi ni kwamba walikuwa sahihi.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza, na kusema kweli ukiushika huu mmoja ingine unaweza hata usisome: kabla hujaandika neno hata moja, nenda kampuni ya umeme. Nenda na ramani ya eneo na namba ya kilowati unazotaka, omba barua inayosema transfoma iliyopo ina nafasi kiasi gani, na kama haitoshi mpya itachukua muda gani na nani anailipia. Hiyo barua ndio andiko. Zile kurasa zingine ni bahasha tu ya kuibebea hiyo barua. Ofisi inayotoa ruzuku ilishakubali kwamba moshi ni mbaya, ndio maana ikatenga hela, huna haja ya kuwahubiria. Wanachoogopa wao ni kutoa hela halafu miaka miwili inapita pale pana shimo na kebo zimelala.

Na huwezi kuwalaumu. Hela ya umma inaingia kwenye hii biashara kwa sababu moja, hakuna mtu atanunua gari la umeme kama hana pa kuchaji, na hakuna atakayejenga pa kuchaji kama magari hayapo, kila mmoja anamsubiri mwenzake. Tena watu wengi wanafikiri hela inaishia kwenye chaja. Chaja ni kile kiboksi unachokiona, ila kuna kuchimba mtaro, kebo nene, transfoma, msingi wa zege, na bili ya umeme ambayo sehemu nyingi inapimwa pia kwa kile kilele cha matumizi, kwamba hata gari moja likichaji kwa nguvu kubwa robo saa tu ndani ya mwezi mzima, kile kilele unakilipia. Mwaka wa kwanza magari ni machache. Benki ikiona hizo hesabu inafunga faili. Ndio maana ruzuku ipo, na ndio maana inakuja na masharti kama mkwe.

Mara ya pili sitaielezea sana. Umeme nilikuwa nao, barua nilikuwa nayo, nimeiweka ukurasa wa kwanza kabisa, halafu mwenye kiwanja wiki mbili kabla ya siku ya mwisho akasema amebadilisha mawazo, anataka mkataba wa miaka miwili tu wakati masharti yalitaka kituo kifanye kazi si chini ya mitano. Sikuwa na maandishi yake. Nilikuwa na neno lake. Mwenzangu niliyeanza naye huu mradi alijitoa siku ile ile kwa meseji, akasema hiki kitu hakitakuja kutokea, bora atafute maisha. Sawa. Leo hii kwenye mikutano anajitambulisha kama mwanzilishi. Nimeambiwa na watu watatu tofauti. Namtakia heri.

Hapo katikati kuna miezi minane ambayo haina cha kusimulia, nilikuwa nafanya kazi zangu zingine na kulipa madeni.

Kilichobadilika mara ya tatu ni kwamba niliacha kuandika kama mwanaharakati nikaanza kuandika kama fundi. Nilitafuta jinsi wenzetu wanavyotathmini. Tume ya Nishati ya California ina mpango wa usafiri safi ulioanzishwa kwa sheria ya 2007, mpaka dola milioni 100 kwa mwaka, na wakitangaza nafasi wanaweka wazi na jedwali la alama, kila kipengele na uzito wake. Nikarudi kwenye tangazo la kwetu nikakuta na lenyewe lina jedwali! Lilikuwepo tangu mwanzo, mwishoni kabisa kwenye viambatisho, mimi na ujuaji wangu sikuwahi kufika huko. Nikaliprinti nikalibandika ukutani, nikaandika kufuata jedwali, kipengele chenye alama 30 kinapata kurasa nyingi, chenye alama 5 kinapata aya moja na kwaheri. Andiko likatoka kurasa 19. Bahari nikaitoa.

Na nikabadilisha mradi wenyewe. Jamani hapa nawaomba mnisikilize, kwa sababu naona kila mtu anataka chaja kubwa kwa kuwa inapendeza kwenye picha. Jiulize gari litakaa pale muda gani. Barabara kuu ndefu, mtu anapita, anataka dakika 20 aondoke, huko sawa weka kubwa. Umoja wa Ulaya kanuni yao ya 2023 inataka kituo kila kilomita 60 kwenye barabara zao kuu za msingi, na kila kituo kiwe na angalau chaja moja ya kilowati 150, ni barabara kuu ile, inaeleweka. Lakini mimi magari niliyolenga ni ya kusambaza mizigo, yanalala pale pale masaa 9 kila usiku. Kilowati 7 tu kwa masaa 9 ni kilowati-saa 63, betri za magari mengi ya kawaida zinakuwa zimejaa au zimekaribia. Kwa hiyo nikaomba chaja sita ndogo za kilowati 22 na mbili za kilowati 60 kwa wenye haraka, halafu programu inayogawa umeme ili zote kwa pamoja zisivuke kilowati 150 hata zikichomekwa zote. Kampuni ya umeme waliposoma hilo la kugawa, barua ilitoka ndani ya wiki tatu. Wiki tatu! Wale wale waliokuwa wananizungusha.

Tukashinda. Na hapo ndio nikafanya kosa kubwa kuliko yote, na hili ndio linaloniuma mpaka leo.

Ile barua ya kusema umechaguliwa sio mkataba. Narudia, sio mkataba. Mimi nilipoipata nilipiga kelele nikampigia mama, na kesho yake muuzaji mmoja akaniambia ana chaja mbili za kilowati 60 zimebaki, punguzo kubwa, niwahi. Nikawahi. Nikatoa akiba yangu yote. Mkataba ulisainiwa wiki 11 baadaye, na kwenye mkataba kuna kifungu kifupi tu: gharama yoyote iliyofanyika kabla ya tarehe ya kusaini hairudishwi. Halafu kama hiyo haitoshi, masharti yakataka chaja zinazotumia OCPP, ile lugha ya wazi inayoruhusu chaja ya mtengenezaji yeyote kuongea na mfumo wa mwendeshaji yeyote, na zangu zilikuwa zinaongea na programu ya mtengenezaji wake tu. Yaani zikakataliwa mara mbili. Zipo stoo mpaka sasa, nimezifunika turubai. Mtu akiniuliza pale chini pana nini nasema ni mashine za zamani.

Nikanunua nyingine mbili, kwa mkopo. Na hapa wengi hamjui: mpango kama huu wa kwangu hela haikutangulii. Unatumia wewe kwanza, unakusanya ankara na risiti na picha za mtaro kabla haujafukiwa, unawapelekea, wanakagua, wanauliza maswali, ndio wanakurudishia. Na sio yote, kuna mchango wako, wangu ulikuwa asilimia 25 (kwenye ule wa NEVI hela ya serikali kuu ilifika mpaka asilimia 80, iliyobaki inatafutwa kwingine). Kwa hiyo unaweza kushinda ruzuku na ukafilisika. Nenda benki na ule mkataba ukiwa umesainiwa, uliza kama wataukubali kama dhamana ya mkopo wa muda mfupi, na uliza kabla mkandarasi hajashika jembe. Mimi niliuliza mkandarasi akiwa ameshachimba nusu, kila asubuhi ananitumia picha ya shimo na neno moja: "Bosi?"

Kuhusu uvumilivu nawaambia wale wanaonitumia meseji kwamba ofisi inawachukia, haiwachukii, ndivyo mambo yalivyo. Ile sheria ya Marekani ilisainiwa Novemba 2021, kituo cha kwanza kilichojengwa kwa hela za NEVI kikafunguliwa Desemba 2023 kule Ohio. Miaka miwili, na hela zote zile. Mwaka 2025 serikali yao mpya ikausimamisha mpango mzima kwa miezi kadhaa ndio ikatoa mwongozo mwingine. Kwa hiyo usiache kazi kwa sababu ya ruzuku. Usiahidi watu ajira. Usichapishe tisheti.

Na ukishajenga bado hujamaliza, vijana tunapenda sana siku ya utepe hatupendi siku ya 200. Mkataba wangu unataka chaja ziwe hai asilimia 97 ya muda, ni kiwango kile kile cha NEVI. Inasikika rahisi ila piga hesabu, mwaka una masaa 8,760, asilimia 3 yake ni kama masaa 263, hazifiki hata siku 11. Mwezi wa tatu tu kioo cha chaja moja kilikufa na spea ikachukua siku 19. Kwa chaja hiyo mwaka mzima ulikuwa umeshaharibika na tulikuwa ndio tumeanza. Sasa hivi nina vioo viwili vya akiba na kebo moja, na kwenye bajeti ijayo matengenezo yatakaa juu kabisa, sio pale chini karibu na "mengineyo" nilipokuwa nimeyaficha.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Ijumaa, hii ya sasa iache ipite. Najua inauma. Jumatatu nenda kampuni ya umeme, halafu mwenye kiwanja akuandikie, asikuambie, akuandikie. Ukipata hizo karatasi mbili zipige picha unitumie hata usiku wa manane, nitakaa na wewe tuandike hilo andiko bure.

Mimi mwenyewe bado nipo kwenye foleni. Asilimia 10 ya ruzuku inazuiwa mpaka ripoti ya mwisho ipitishwe, nimeipeleka, wakairudisha kwa sababu ukurasa wa 7 hauna saini, nikasaini, nikapeleka tena. Leo asubuhi nimecheki akaunti. Bado.