Kisukari si ugonjwa wa matajiri

Dada wa Ngamiani, umeuliza vipi mama yako muuza vitumbua kapata kisukari ilhali "ni cha wenye nazo". Sivyo, dada yangu. Pesa ikipungua, sahani hujaa wanga: sembe, vitumbua vilivyobaki, chai ya vijiko vinne, yaani gramu 16 hivi za sukari kwa kikombe kimoja. Ongeza kuketi jikoni tangu alfajiri na usingizi wa mang'amung'amu. Linaloumiza zaidi ni kuchelewa kupima kwa kuhofia gharama.

Nawe kapime, maana mna damu moja. Kaa kwa muda wa saa 8 bila kula, maji tu. Sukari ya damu ikisoma mmol/L (milimoli kwa lita) 6.1 hadi 6.9 ni onyo; ikifika 7.0, rudia siku nyingine kuthibitisha. Nyumbani pikeni dona, nusu sahani iwe mchicha, na dagaa kando. Mama asiache dawa.