Kabla ya kutafuta soko la maharage nje

Wengi hunitafuta wakiomba namba ya mnunuzi wa Ulaya. Mimi huwauliza kwanza: una aina gani? Nikijibiwa "mchanganyiko", simu huwa fupi.

Nauza maharage ya Arusha na Manyara kupitia Namanga, mpakani na Kenya. Mnunuzi wa Nairobi hatafuti maharage tu. Anataka rosecoco, nyayo, wairimu au njano, kila moja na mteja wake. Aina zikichanganyika kwenye gunia bei hushuka, maana haziivi pamoja. Kwa hiyo panda aina moja shamba zima, na upige maharage juu ya turubai, kokoto zisiingie. Bei mkubaliane kwa kilo, mizani ikiwepo. Ukisema gunia, utadaiwa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo.

Unyevu wengine huupima kwa kung'ata punje. Mimi natumia chumvi: tia maharage na chumvi kavu kwenye chupa ya kioo iliyokauka, tikisa, iache kidogo. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umepita asilimia 15; rudisha mzigo juani. Kisha funga kwenye mifuko ya PICS isiyopitisha hewa, ile ya kinga njaa. Wadudu hufa kwa kukosa hewa, hakuna haja ya dawa.

Hilo la dawa ndilo linalowaangusha wakulima wa kilimohai, kilimo kisichotumia kemikali za viwandani. Mtu hajatia mbolea ya dukani miaka yote, halafu mavuno anayawekea vidonge vya fosfini ghalani. Hapo hakuna kilimohai tena. Na hata asipoweka, Umoja wa Ulaya hautazami maneno yake: kanuni yao ya 2018/848, inayotumika tangu 2022, inadai cheti, kumbukumbu za shamba, na kwa mazao ya msimu kama maharage, miezi 24 ya mpito, shamba likiendeshwa kwa kanuni za kilimohai, kabla ya kupanda. Ukaguzi ni ghali kwa mkulima mmoja, jiungeni kikundi. Kwa maoni yangu, anzeni na alama ya Kilimohai ya Afrika Mashariki, iliyopo tangu 2007, mzoee kutunza daftari.

Mpakani, usiende bila cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu Tanzania, na cheti cha uasili kinachoonyesha mzigo umetoka nchi gani. Mzigo usiozidi dola 2,000 una cheti chake rahisi cha uasili, hutolewa hapo hapo mpakani. Wanaopitia njia za panya kukwepa karatasi hizi huishia kuuza kwa bei ya dalali.